Kuondoa kelele za upepo kwenye gari la paa la turubai

Magari ya paa la turubai si mengi Mwanza, lakini yapo: Land Rover za zamani, Suzuki Jimny na Escudo fupi, na mara mojamoja vigari vya Japani kama Mazda Roadster, ambavyo paa lake hukunjwa likalala nyuma ya viti. Malalamiko ya wenye magari hayo yanafanana. Kati ya Buhongwa na katikati ya jiji hakuna shida, maana foleni haikuruhusu kukimbia. Ukishaipita Kisesa kuelekea Magu na mshale ukagusa 80, wewe na aliyekaa kushoto kwako mnaanza kupigiana kelele ili msikizane.

Kinachofuata kwa kawaida ni safari ya dukani kununua tyubu ya silikoni. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Paa la turubai hutoa sauti za aina tatu, kila moja ina chanzo chake, na dawa ya moja haigusi nyingine. Asiyejua anapambana na sauti gani atabadilisha raba zote za milango, na bado kelele itabaki palepale kwa sababu tatizo lilikuwa kitambaa kilicholegea.

Zitambue sauti tatu

Ya kwanza ni mluzi. Ni sauti nyembamba na kali, huanza ghafla kwenye mwendo fulani, na sikio linaweza kuelekeza kidole mahali inapotoka. Mluzi maana yake hewa inapenya kwenye upenyo mwembamba: raba iliyokauka, kona ya kioo isiyofika, zipu iliyoachana, kishikizo kilichong'oka.

Ya pili ni mdundo. Kitambaa chenyewe kinapigwapiga na upepo, hasa juu ya kichwa cha dereva na kwenye pembe za nyuma. Ukibana turubai kwa kiganja kutoka ndani, mdundo unapungua au unakoma. Huo ndio uthibitisho, wala huhitaji kipimo kingine.

Ya tatu ni mvumo, sauti nzito isiyo na mahali maalumu, inayojaza gari lote. Sehemu yake ni hewa inayovurugwa na saitimira, antena, taa za ziada au lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa pembeni mwa kioo. Sehemu nyingine ni sauti ya nje inayopita moja kwa moja kwenye kitambaa, kwa sababu turubai ni jepesi na kitu chepesi hakizuii sauti nzito.

Wenye matairi ya matope wawe waangalifu hapa. Mvumo wa tairi huanza mapema, kwenye 40 hivi, na hubadilika lami inapobadilika. Mvumo wa upepo haujali aina ya barabara. Unafuata mwendo wa gari na upande unaotoka upepo. Ukiondoa mguu kwenye mafuta na sauti ikafuata injini, basi tafuta ekzozi au mikono ya injini, si paa.

Kelele za upepo hazipandi kwa kadiri ileile mwendo unavyopanda. Nguvu ya sauti ya hewa inayopiga vitu vigumu hukua kwa kipeo cha sita cha mwendo, kwa hiyo kutoka 60 hadi 90 kelele huongezeka kwa takriban desibeli 10, na sikio hupokea ongezeko hilo kama sauti iliyozidi maradufu. Kwa sababu hiyo gari lililokuwa tulivu mjini huonekana limeharibika ghafla barabara kuu.

Jaribio la barabarani

Fanya jaribio asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto kuliko maji na upepo wa ziwani huanza kuvuma kuja bara. Kufikia mchana utakuwa unasikiliza upepo wa ziwa juu ya upepo wa gari. Chagua kipande cha lami laini, kirefu, kisicho na makazi, maana kwenye vijiji mwendo ni 50 na matuta ni mengi. Nenda na urudi kwenye kipande hichohicho kwa mwendo uleule. Sauti iliyopo kwenda na isiyokuwepo kurudi ni ya upepo wa pembeni, na upande uliokuwa ukipigwa ndio wenye upenyo.

Dereva aendeshe tu. Kusikiliza ni kazi ya mwenzake. Mpe kipande cha mpira wa maji cha sentimita 60, wa nusu inchi. Ncha moja aiweke sikioni, nyingine aipitishe taratibu kwenye ukingo wa kioo, kwenye kona ya juu ya mbele ya mlango, kwenye mstari ambapo turubai linakutana na fremu ya kioo cha mbele, kisha kwenye zipu na mishono. Mluzi ukiwa karibu na ncha, sauti hupanda waziwazi.

Baada ya hapo tumia selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ya upana wa sentimita 5. Ziba kwa nje maungio yote: mstari wote wa kioo cha mbele, ukingo wa vioo vya milango, maungio ya saitimira, zipu ya dirisha la nyuma. Mlango wa dereva tu ubaki, ili uweze kutoka. Endesha. Kama kelele zimekwisha, una uhakika ni upenyo. Bandua kipande kimoja, endesha tena, bandua kingine. Kipande ambacho kikibanduliwa mluzi unarudi, hapo ndipo penye kazi. Na kama umeziba kila kitu na kelele ni zilezile, wala hazitoki kwenye mlango wa dereva ulioachwa, usinunue raba yoyote. Tatizo lako ni mdundo au mvumo. Selotepu isilale juani kwenye rangi. Ibandue siku hiyohiyo, la sivyo gundi yake itakaa kwenye bodi.

Gari likiwa limesimama yapo majaribio mengine matatu ya bei ndogo. Kwanza, funga mlango juu ya kipande cha karatasi kisha kivute: kikitoka bila kukwama, raba hapo haibani. Rudia kila sentimita 10. Pili, paka raba poda ya mtoto, funga mlango, fungua. Mahali ambapo poda haikuhamia kwenye bodi hapagusani. Tatu, washa feni ya gari kwa nguvu yote ikivuta hewa ya nje, funga madirisha, kisha zungusha udi unaofuka kwa nje, karibu na maungio. Moshi ukisukumwa kwenda mbali na gari, hewa inatoka hapo. Usiku, taa ya simu ndani ya gari na macho nje huonyesha matundu ya mishono na vishikizo vilivyoachia.

Anza na mkazo wa turubai

Hata kama umesikia mluzi, mkazo ndio wa kwanza kurekebishwa, kwa sababu turubai likikazwa sawasawa hubadilisha mahali raba zinapogusana. Ukianza na raba utazifanyia kazi mara mbili.

Sababu ya mdundo ni hii. Hewa inapopinda kupita juu ya paa huongeza kasi, shinikizo la juu linashuka chini ya lile la ndani, na turubai linavutwa kwenda juu. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,134 hivi, upepo wa 80 kwa saa una shinikizo linalokaribia uzito wa kilo 26 kwa kila mita mraba, na kwenye 100 hufika kilo 40. Si yote inayolivuta paa, lakini sehemu yake inatosha kuvimbisha kitambaa kilicholegea; kikivimba kinarudi, kinavimba tena. Anayekaa ufukweni ameona tanga lililolegea linavyopigapiga wakati lililokazwa liko kimya kwenye upepo uleule.

Kwenye paa la kukunja, angalia sehemu tatu. Ya kwanza ni ndoano mbili zinazolifunga paa kwenye fremu ya kioo cha mbele. Nyingi zina uzi wa skrubu: unalegeza nati au skrubu ya kufungia, unazungusha ndoano nusu mzunguko ndani, unafunga na kujaribu. Fanya pande zote mbili sawa. Kipimo kizuri ni ndoano kujifunga kwa nguvu ya mkono mmoja, ikiwa na uzito unaoonekana mwishoni. Ukilazimika kutumia mikono miwili umezidisha, na baada ya muda utavunja ndoano au kupindisha upinde wa mbele, yaani chuma kinachobeba turubai, ambao ukishapinda katikati huacha upenyo usiozibika.

Ya pili ni nyaya za pembeni. Ndani ya pindo la turubai, juu ya kila mlango, kuna waya mwembamba wa chuma wenye springi upande mmoja. Kazi yake ni kulivuta pindo lishuke juu ya kioo. Ukikatika au springi ikichomoka, pindo huinuka ukifika 70 na unapata mdundo pamoja na mluzi upande huo mmoja. Gari nyingi zinazosemekana zimechoka raba zimekatika waya huu tu. Waya mbadala ni waya wa breki ya baiskeli: pima urefu wa ule wa zamani kabla ya kuutupa, upitishe kwenye pindo kwa kuufunga kwenye kamba ndefu uliyoitanguliza, kisha ubane ncha kwa kipande cha bomba dogo la shaba. Waya usilegee wala usilizuie paa kukunjika. Kunja na kunjua paa polepole mara tatu ukiangalia kama unajikamata mahali.

Ya tatu ni mikanda ya ndani, inayounganisha pinde za chuma kutoka mbele kwenda nyuma. Ikivutika, pinde husogea na turubai hulegea hata kama kitambaa ni kizima. Mkanda wa siti kutoka gari lililokatwa spea unafaa sana: ni imara, hauvutiki ovyo, na upana wake wa karibu sentimita 4.7 unatosha. Kata mpya kwa urefu wa ule wa zamani ukiondoa sentimita 1 hadi 1.5. Choma ncha kwa kiberiti zisifumuke, toboa tundu kwa msumari uliopashwa moto, funga kwa skrubu na washa pana.

Kwa Land Rover na Suzuki kazi ni nyingine, kwa sababu turubai linashikwa na kamba, mikanda na vishikizo. Liache gari juani saa nzima kwanza. Plastiki ikipata joto hulainika na kuvutika; ukilikaza asubuhi kukiwa na baridi, mchana litalegea. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, upande wa kulia kidogo, wa kushoto kidogo, kama ufanyavyo nati za tairi. Kwa turubai la pamba, usilikaze likiwa limelowa: pamba ikilowa hujikaza yenyewe, na ikikauka utaikuta imelegea tena.

Kama umekaza vyote na katikati bado panadunda, nafasi kati ya pinde ni kubwa mno. Ongeza upinde mmoja. Mchomeleaji yeyote wa Nyakato au Igoma atakukunjia bomba la robo tatu inchi kwa kufuata umbo la pinde zilizopo. Uwe juu kuliko wenzake kwa milimita 5 hadi 10 ili usukume turubai. Uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli kabla ya kulirudisha turubai. Chuma kitupu hula kitambaa, na ndani ya miezi michache utakuwa na mstari wa matundu juu ya kichwa chako.

Mlango na kioo kabla ya raba

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Raba mpya haiwezi kunyoosha mlango ulioshuka.

Fungua mlango nusu, ushike mwishoni, uinue. Ukicheza, pini au bushi za bawaba zimekwisha. Badilisha hizo kwanza. Mlango usipocheza, angalia chuma cha kitasa kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi. Kichoree mstari wa penseli kukizunguka, legeza skrubu zake, kisogeze ndani milimita 1 hadi 2, funga. Mlango ufungike bila kupigizwa. Ukisogeza zaidi ya milimita 3 na bado haubani, rudisha kwenye alama. Tatizo liko kwenye bawaba.

Magari ya paa la kukunja hayana fremu juu ya kioo cha mlango, kwa hiyo kioo chenyewe ndicho kinachokutana na raba. Toa kava la ndani la mlango uone reli: kuna bolti za kurekebisha kimo na nyingine, kwa kawaida chini, za kuinamisha kioo ndani au nje. Mzunguko mmoja wa bolti ya chini husogeza ncha ya juu ya kioo zaidi kuliko unavyotarajia, kwa hiyo nenda kwa robo mzunguko. Unataka kioo kiguse raba kwa urefu wake wote wakati mmoja. Kikigusa nyuma kabla ya mbele, mluzi utatokea kwenye kona ya juu karibu na saitimira, na hiyo ndiyo kona inayosumbua kuliko zote, kwa sababu hewa inayopinda kutoka kioo cha mbele hupita hapo kwa kasi.

Land Rover za zamani zina sehemu ya juu ya mlango inayochomekwa na kufungwa kwa bolti. Kwenye mwendo, upepo huivuta nje. Legeza nati, weka washa moja ya unene wa milimita 1 hadi 1.5 upande wa nje chini ya kishikio ili ncha ya juu iinamie ndani, funga tena. Jaribu kwa karatasi. Kazi hii ya dakika 20 huondoa mluzi ambao watu huuhangaikia kwa raba miaka na miaka.

Raba

Raba ya duka la spea ni ya aina mbili: ya povu laini yenye tundu katikati, na ngumu isiyo na tundu. Kwa milango na fremu ya kioo cha mbele chukua ya povu yenye tundu. Inapofungwa inapaswa kubanwa kama theluthi moja ya unene wake: upenyo wa milimita 8 unataka raba ya milimita 12. Pima upenyo kwa kufinyanga unga wa ngano mgumu kidogo, kuuweka kwenye ukingo juu ya karatasi ya nailoni, kufunga mlango polepole, kisha kuupima kwa rula. Pima sehemu nne au tano, maana upenyo haulingani.

Mlango mmoja unakula mita 3 hadi 4, fremu ya kioo cha mbele mita 1.2 hadi 1.5. Nunua zaidi kidogo.

Kuibandika kuna adabu yake. Toa raba ya zamani na gundi yake yote. Kwangua kwa kipande cha plastiki, si kisu. Penye kutu piga msasa namba 180, paka rangi ya kuzuia kutu, subiri ikauke kabisa. Futa kwa spiriti. Paka gundi ya viatu ya njano nyembamba pande zote mbili, kwenye bodi na kwenye raba, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kwenye kidole, kisha gandamiza. Usiivute raba unapobandika. Hili ndilo kosa linalorudisha watu gereji: raba iliyovutwa hurudi kwenye urefu wake baada ya joto la wiki mbili, na inapojikusanya huachia kwenye kona. Fanya kinyume chake, ongeza sentimita 1 kwa kila mita na uisukume ijikusanye kidogo. Maungio yawe chini ya mlango, kamwe yasiwe kona ya juu ya mbele. Acha mlango wazi saa moja, ufunge kwa upole, na gari lisiende barabara kuu kabla ya saa 24.

Ukinunua raba nene kwa kudhani nene ndiyo bora, mlango hautaingia, utaupigiza, na baada ya muda bawaba zitalegea. Zaidi ya hapo, raba nene upande wa bawaba huusukuma mlango nje upande wa kitasa na kufungua upenyo mpya.

Raba kavu ambayo haijapasuka usiitupe. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke, ipake glisirini ya duka la dawa kwa kitambaa, acha usiku kucha, futa. Rudia kila mwezi wakati wa kiangazi. Jua la nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta halina huruma na raba. Usipake mafuta ya taa, oili, grisi ya kawaida wala mafuta ya mgando. Raba nyingi za milango zikikutana na mafuta yatokanayo na petroliamu huvimba, hulainika, halafu hupoteza umbo.

Na silikoni ya tyubu? Ina nafasi moja tu, kuziba chuma kwa chuma mahali pasipofunguliwa. Ile inayonuka siki wakati inakauka hula chuma na kuanzisha kutu chini yake. Ikishapakwa kwenye ukingo wa turubai, hakuna gundi wala rangi itakayoshika hapo tena, na siku ya kuifungua inatoka na kitambaa. Kwenye paa la kukunja huwa inaziba pia matundu ya kutolea maji, na mvua za masika zikija, maji yanahamia kwenye sakafu. Matundu hayo yazibue kwa waya laini wenye ncha iliyokunjwa. Vumbi la barabara za changarawe huyajaza haraka.

Mishono, zipu na dirisha la nyuma

Mshono uliofumuka hata sentimita 2 hupiga mluzi. Mafundi wa viti vya magari hushona vizuri, na wale wanaoshona matanga na maturubai ya mitumbwi huko Kirumba wanajua kitambaa kizito kuliko wengi. Jambo la kuwaambia ni uzi. Uzi wa nailoni wa nyavu uko kila duka Mwanza na una nguvu, lakini jua huudhoofisha mapema na hurefuka ukilowa. Taka uzi wa polyesta. Sindano namba 18, mshono wa milimita 4 hadi 5. Mshono mfupi zaidi hutoboa kitambaa kama stempu na kitachanika kwenye mstari huohuo. Mshono mpya usuguliwe na nta ya nyuki pande zote mbili, kisha upitishiwe joto la kikausha nywele ili nta iingie matunduni. Nta ya Tabora ni nzuri kwa hili.

Zipu ya dirisha la nyuma ikiachana meno, angalia kitelezi kabla ya kuifumua yote. Kimepanuka; kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili. Zipu ya plastiki nene inadumu kuliko ya chuma karibu na ziwa, kwa sababu unyevu huigandisha ya chuma. Nyuma yake shona ulimi wa kitambaa wa sentimita 4 unaolala juu ya zipu kwa ndani. Upepo hausukumi tena moja kwa moja kwenye meno.

Dirisha la plastiki lililolegea hudunda kama turubai. La kubadilisha liwe la milimita 0.75 au 1. Lisafishwe kwa maji mengi kwanza ili vumbi lisikwaruze, kisha sabuni laini. Petroli na thina hulifanya jeupe.

Mvumo uliobaki

Antena ya fimbo huimba. Fimbo ya milimita 5 kwenye mwendo wa 80 hutoa sauti ya karibu hezi 900, kwa sababu hewa hujitenga nyuma yake kwa zamu, kushoto na kulia. Izungushie uzi mnene kwa mzunguko wa mshazari, kila mzunguko ukiwa sentimita 2 kutoka mwingine, ubane kwa gundi. Zamu hiyo inavunjika na sauti inakufa. Dawa hiyohiyo hufanya kazi kwenye bomba la mbele la kubebea taa, kwa kamba ya milimita 6.

Saitimira: ziba upenyo kati ya msingi wake na mlango kwa raba nyembamba ya povu, na ukaze skrubu zake. Kama mvumo unatoka hapo baada ya kuziba, ni umbo lake, na hakuna cha kufanya zaidi ya kubadilisha.

Sauti inayopita kwenye kitambaa hupunguzwa kwa kuongeza tabaka. Shona bitana ya ndani ya kitambaa kizito, na kati yake na turubai weka povu la matundu yaliyofungwa la milimita 5 hadi 6, lile lisilonyonya maji. Sponji ya godoro usiitumie. Itakunywa maji ya mvua ya kwanza na kuotesha ukungu. Kwenye paa la kukunja jaribu unene huo kwa vipande kwanza, maana paa linaweza kukataa kukunjika. Tegemea nafuu kwenye sauti nyembamba na za kati. Sauti nzito huzuiwa na uzito, na paa la turubai haliwezi kuwa zito.

Wengine hupunguza kelele kwa kufungua pazia la nyuma huku madirisha ya pembeni yakiwa yamefungwa. Usifanye hivyo. Nyuma ya gari linalokwenda kuna shinikizo dogo linalovuta moshi wa ekzozi kuingia ndani, na hewa ya sumu iliyomo haina harufu. Ukifungua nyuma, fungua na dirisha la mbele. Na kama unaposhusha dirisha moja masikio yanadundwa kwa mapigo mazito, shusha la upande wa pili sentimita 3 au 4, mapigo yatakoma.

Kazi ikiisha, rudia jaribio la asubuhi kwenye kipande kilekile cha barabara, kisha siku nyingine vuka Daraja la Kigongo–Busisi mchana, upepo wa ziwa ukiwa umeshaamka. Pale hakuna kilima wala mti wa kukukinga, na upenyo wa pembeni uliojificha kwenye barabara ya kawaida utasikika. Baada ya wiki moja kaza tena vishikizo, nati za mikanda na ndoano za mbele, kwa sababu kitambaa na mikanda mipya huvutika kidogo siku za mwanzo kabla ya kutulia.